Jina Nililolitangaza Kreta Nzima

Leo nimeumbuka, tena mbele ya wageni wenye kamera.

Mnajua nimenunua Land Rover yangu mwenyewe. (Kuukuu, lakini yangu.) Mtoto wa mchuma kahawa wa Oldeani leo ana kampuni ya utalii! Kilichobaki ni tovuti, maana mgeni wa siku hizi asipokuona kwenye intaneti anadhani hujazaliwa.

Asubuhi, wageni wangu wakiwa bado wanakunywa chai, nikakimbilia kwa Mama Neema, mwenye intaneti kafe hapa Karatu, kuangalia kama jina nililolitunga lina mwenyewe: Jicho la Oldeani. Kompyuta ikafikiri weee! Ikajibu kwamba liko wazi, dunia nzima hakuna aliyelichukua. Nikasimama, nikashika kiuno. Mama Neema akanishauri nilipie kabisa, kaka yake wa Arusha ana kadi ya benki. Nikamwambia nitalipia jioni, kwani jina litakwenda wapi?

Tukateremka kreta na wageni kutazama wanyama. Sasa, sisi madereva tuna desturi yetu: ukimwona faru unatangaza kwenye redio ya gari, wenzako waje na wageni wao wamwone. Kumficha ni uchoyo, na mchoyo hasamehewi. Basi mimi, kwa furaha niliyokuwa nayo, nikashika redio nikatangaza jina. Nikalitaja herufi kwa herufi. Nikasema liko wazi, nimeliona kwa macho yangu. (Msicheke bado.) Pongezi zikamiminika, kichwa kikavimba.

Jioni nikawaleta wageni kwa Mama Neema washuhudie nikililipia. Bibi mmoja wa Kizungu akatega kamera. Nikaandika jina, nikabonyeza. Limechukuliwa! Nikaandika tena. Limechukuliwa, na mwenye nalo katajwa palepale: Elibariki.

Nikageuka. Elibariki, yule Mchaga tunayemwita Mangi, dereva niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe, amekaa kompyuta ya pembeni anachagua rangi za tovuti.

"Mangi, umeniibia jina?"

Wala hakushtuka. "Kaka, si ulitangaza mwenyewe? Nilikuwa gereji, nikakusikia. Faru akitangazwa ni wa wote."

Sheria hiyo nilimfundisha mimi. Yule bibi akapiga picha, mdomo wangu ukiwa wazi, akaniuliza kama ndivyo tunavyosherehekea huku kwetu.

Roho imeniuma, sifichi. Lakini semeni mtakavyo, jina bovu haligombaniwi! Mangi mwenyewe amekiri hajawahi kusikia zuri kama lile, na kichwa kilichotunga ni hiki hapa.

Nimeshatunga jingine, kali zaidi, na safari hii nimelipia kwanza. Halijui mtu, hata mke wangu sijamwambia. Wateja watanipataje, hayo tutayaona mbele ya safari.