Breki Zilizonipeleka Mpaka Kwenye Kamba ya Nguo

Leo nimejiaibisha, tena ukweni. Nawaambia mwenyewe kabla mjomba Nzioka hajafika hapa dukani akawaongezea chumvi.

Mnajua leo nilikuwa napeleka mbuzi wa ntheo kwa kina Mwende, kule karibu na Salama. Mbuzi hao wasipopokelewa, mimi na Mwende si wachumba, ni watu wanaojuana tu. Na mnajua pikapu yangu ilikuwa na ugonjwa. Ikienda, inaenda vizuri. Ukikanyaga breki, inatetemeka kama mtu mwenye malaria.

Mimi nilisema ni tairi. Nikahamisha za mbele nyuma, za nyuma mbele. Nikakaza nati zote. Nikaijaribu hapa sokoni Kanyangi, polepole, ikatulia. Jumapili nikasimama kanisani nikamshukuru Mungu kwa kunipa akili ya ufundi. (Na nyinyi mlipiga makofi. Kwa hivyo aibu hii ni yetu sote.)

Basi leo nikavaa ile suruali pana chini na viatu vya raizoni, soli nene kama tofali. Mjomba, ambaye ndiye msemaji wetu, akakaa kando yangu na kofia yake. Mbuzi nyuma. Njiani, kila nikishika breki, gari linatikisika kidogo.

"Hiyo ni nini?" mjomba akauliza.

"Ni barabara."

Tukaingia lami ya barabara ya Mombasa, laini kama meza. Likatikisika zaidi.

"Bado ni barabara?"

Nikaongeza mwendo.

Kwa haraka yangu tulifika mapema kuliko tulivyoagana. Boma lao liko chini ya mteremko. Baba yake Mwende, Mzee Kilonzo, alikuwa uani na wazee wenzake, ndio kwanza wanapanga viti. Nikaona nisiteremke kama mwoga. Nitashuka na mwendo wangu, kisha nisimame mbele yao taratibu, kama gari la diisii, mkuu wa wilaya.

Nikakanyaga breki. Usukani ukaanza kunipiga mikono. Kofia ya mjomba ikamshuka mpaka puani. Raizoni ikateleza kwenye pedeli. Tukapita wazee. Tukapita viti. Tukasimama kwenye kamba ya nguo, ambazo zilikuwa hazijaanuliwa kwa sababu hakuna aliyetutegemea saa hizo. Kamba ikakatika, na kioo chote cha mbele kikafunikwa na kamisi nyeupe, ile ya kuvaliwa ndani ya rinda.

Ilikuwa ya mama mkwe. Mama ambaye kwa heshima hata usoni simtazami.

Nikasema nizime injini haraka. Kwa hofu mkono ukashika swichi nyingine, waipa zikaanza kazi. Kamisi ikaenda kushoto, ikaenda kulia, inawapungia wazee.

"Zima," mjomba akasema kutoka ndani ya kofia.

"Nazima."

"Hiyo si kuzima. Hiyo ni kuongeza."

Mama Mwende akaingia jikoni akafunga mlango. Mwende ndiye aliyekuja kuitoa ile kamisi. Mabega yalikuwa yanamcheza kwa kicheko. Nikabaki nimeshika usukani, nikiwaza kama inawezekana kurudi kinyumenyume mpaka Kanyangi. Niliona mambo yameisha kabla hayajaanza.

Mzee Kilonzo akaja dirishani. Nikangoja kufukuzwa.

"Inatetemeka wakati wote, au ukishika breki tu?"

"Breki tu, mzee."

"Basi si tairi. Shuka."

Kumbe huyu mzee ameendesha malori maisha yake yote. Akaleta jeki. Mjomba akajaribu kusema kwamba sisi tumekuja na mbuzi, hatukuja kutengeneza gari. Mzee akamwambia, "Mbuzi watangoja. Anayetaka binti yangu, acha nimuone akishika spana."

Nikavua koti. Tukatoa magurudumu ya mbele, tukatoa zile drum, yale mabakuli ya chuma ambayo breki hukaza kwa ndani. Mzee akapitisha kidole ndani polepole. Akanionyesha madoa ya bluu.

"Hii ilichemka. Halafu ikafanywa nini?"

Nikamwambia kweli. Wiki iliyopita nilishuka mlima na magunia ya ndengu, nimekanyaga breki njia yote. Magurudumu yakatoa moshi. Nikayamwagia ndoo ya maji baridi.

Wazee waliokuwa wamejikaza kwa habari ya kamisi, hapo ndipo kicheko kiliwashinda. Mmoja alilazimika kushika mti.

"Chuma kimepinda," mzee akasema. "Si duara tena. Twende."

Tukapata lifti ya lori mpaka Salama, kila mtu na drum yake mapajani. Kuna karakana yenye mashine ya kuchonga chuma kirudi kuwa duara. Tulipokuwa tukingoja, mzee akaniambia, "Mwende alituambia wewe ni fundi."

"Alisema hivyo?"

"Alisema wewe unasema hivyo."

Halafu akacheka, mimi pia nikacheka, na tangu hapo tukawa tunaongea kama watu.

Tuliporudi tukafunga kila kitu. Mzee akaketi kando yangu, nikapanda barabarani, nikakimbiza, nikakanyaga breki. Pikapu ikasimama kimya. Nikarudia. Kimya. Mzee alinigonga bega na mkono wenye grisi. Hili shati jeupe mnaloliona lina alama ya vidole, sitalifua upesi.

Mbuzi wamepokelewa. Tumekula. Mwende amenimiminia chai akishindwa kunitazama bila kucheka. Mama Mwende hakutoka jikoni, ila wakati wa kuondoka alimtuma mjomba aniletee neno moja: siku ya harusi nije kwa miguu.

Chekeni tu. Nyinyi mmesikia "kwa miguu". Mimi nimesikia "siku ya harusi".