Betri Kwapani

Jumatatu, 9 Februari

Jumamosi tunahamisha kulungu wetu wa kufugwa, wale wa nchi za theluji, kuvuka ziwa lililoganda kwenda malisho mapya. Baba atachagua mmoja wa kurusha droni ya kuongoza kundi: mimi au binamu yangu Issát. Issát ana pikipiki yake ya theluji. Mimi nimesoma kijitabu cha maelekezo mpaka mwisho. Kinasema betri ikipata baridi huishiwa nguvu ghafla, droni ikaanguka. Ipashwe joto kwanza. Nimeiweka chini ya tumbo la mbwa wetu, Čáhppe. Hakuna jiko linalomzidi! Issát akauliza itaanguliwa lini.

Jumanne, 10 Februari

Čáhppe alitoka alfajiri na Baba kwenda machungani. Betri ikabaki peke yake sakafuni, mlangoni, penye ubaridi wote wa nyumba. Sikujua. Droni ilipanda hadi usawa wa paa, ikalia, ikajishusha kwenye theluji.

“Dada rubani,” Issát akasema, “abiria wamepona?”

Bibi alinihurumia. Akasema kitu kinachoogopa baridi huwekwa mwilini, kama mtoto mchanga. Tangu hapo betri iko kwapani. Hata shuleni. Mwalimu wa hesabu anataka kujua kwa nini siinui mkono wa kushoto.

Jumatano, 11 Februari

Ukungu wa baridi kali. Kijitabu kinakataza kabisa: ukungu huu hugandisha barafu kwenye mapanga ya droni. Nilijua. Naandika hapa ili ijulikane kwamba nilijua.

Lakini Issát alimwambia Baba, nikisikia, kwamba wasichana wa vitabuni hurusha droni jikoni. Ikabidi nirushe. Kidogo tu.

Ukungu ukaimeza droni. Mlio ukawa mzito, picha ikayumba. Nikaona kulungu wengi, na alama za masikioni si zetu. Kisha theluji tupu: imeanguka.

Lilikuwa kundi la mzee Máhtte, jirani yetu. Tangu ule ugomvi wa uzio, yeye na Baba husalimiana kwa kidevu tu.

Alhamisi, 12 Februari

Nilikwenda kwa skii kuichukua. Mzee Máhtte alikuwa ameining’iniza kwa mguu mmoja, kama samaki aliyemvua. Akanikaribisha kahawa, na vipande vya jibini ndani yake, kama ilivyo desturi. Nikaanza kupumua.

Kwetu mtu haulizwi ana kulungu wangapi. Ni sawa na kumpekua mifuko. Kwa hiyo aliuliza polepole sana, akitazama kikombe.

“Binti wa Áilu, ulituhesabu?”

Nimefundishwa kusema kweli.

“Upande wa kushoto tu, babu.”

Kahawa iliishia hapo.

Ijumaa, 13 Februari

Baba alikwenda kuomba radhi. Alibeba paja la kulungu lililokaushwa, lile zuri, lililokuwa la Pasaka. Alirudi. Alikula supu yote ndipo akasema kesho Issát ndiye atakayerusha.

Sikulia mezani. Nimelala na betri kwapani, kwa mazoea. Au kwa matumaini. Sijui.

Jumamosi, 14 Februari

Anga safi. Baridi ya kuuma meno. Issát aliweka betri yake, ile ya akiba, kwenye sanduku nyuma ya pikipiki. Nilimwambia Baba itapoa. Akasema leo niwe mtu wa kutazama.

Katikati ya ziwa majike wa mbele wakageuka kuelekea mdomo wa mto, ambako barafu ni nyembamba. Kundi zima likaanza kuwafuata. Ndiyo mali yetu yote ile. Pikipiki isingeweza kuwazuia kwa mbele, barafu isingeibeba. Issát akarusha. Droni ikapanda, ikalia, ikashuka kando yetu.

Baba alinigeukia. Uso wake sijawahi kuuona vile.

“Ravdna, unayo?”

Nikafungua koti. Ilikuwa na joto kama mkate. Nikaipachika, nikaiacha droni ielee chini kwanza, kama kijitabu kinavyotaka. Issát akapiga kelele niipandishe, wanakwenda, wanakwenda! Nilisubiri. Kisha nikaipandisha, nikaizungusha mbele yao, kwa mbali ili wasitawanyike. Jike kiongozi akasimama. Akageuka. Wote wakageuka.

Nikaishusha droni, betri ikiwa bado na nguvu. Vidole sikuvisikia. Baba alinipangusa barafu kwenye kope, akasema droni sasa ni kazi yangu. Issát alinipa glavu zake bila kunitazama.

Jumapili, 15 Februari

Baba ametoa sharti moja: ukungu ukiwepo, siigusi bila ruhusa yake.

Leo upo. Lakini naliona banda la kuni, kwa hiyo si ukungu hasa, ni unyevunyevu. Halafu nimegundua kosa la Jumatano. Mapanga yalikuwa makavu! Ndiyo maana barafu ilishika. Bibi ana mafuta ya uboho jikoni, nami nimeyapaka vizuri, mpaka yanang’aa.

Ruhusa nimeomba pia. Baba yuko machungani, ng’ambo ya ziwa, hivyo nilisimama mlangoni nikaiomba kwa sauti, kwa adabu zote, nikangoja kidogo.

Hakukataa.