Kufuli la Zuhura

Nimeadhirika leo, jamani. Tena nikiwa nimevaa kanzu mpya.

Niliamka roho juu kwa mambo mawili. La kwanza, Bwana Seif, kaka yake Zuhura, alitaka kuniona uso kwa uso nyumbani kwake Gongoni, hapahapa Tabora, kabla hajakubali nimuoe dada yake. Mshenga alishafanya yake, lakini Bwana Seif si mtu wa kuchukua kitu bila kukigeuza kwanza. La pili, nilikuwa nasubiri jibu la mhakiki.

(Nivumilieni kidogo hapa.) Mchana nafundisha kompyuta chuoni, jioni naandika hizi makala mnazosoma mkiwa kwenye foleni. Katikati ya hayo nimejitolea kusafisha kipande cha programu kilichomo ndani kabisa ya kompyuta, kwenye kiini cha mfumo endeshi. Humo kazi nyingi zinagombea vitu vilevile, kwa hiyo kila kazi hufunga kitu kwa kufuli, ikimaliza inaachia. Balaa ni pale kazi mbili zinaposhikiliana: kila moja ina kufuli ambalo nyingine inalitaka, hakuna inayoachia, mashine inaganda. Ndiyo maana akawekwa mkaguzi, yaani programu inayotazama nani kashika kufuli gani na kwa mpangilio upi. Akinusa hatari anapiga kelele mapema. Sasa huyo mkaguzi amejaa vurugu, maneno yaleyale yamerudiwa kila kona. Nimeyakusanya, nimefuta yasiyo na kazi, nimetuma. Mhakiki yuko nchi ya mbali na anaweza kujibu wakati wowote.

Basi nikavaa kanzu. Nikaivua. Nikaivaa tena. Nikatazama simu. Hakuna kitu. Nikapanda bodaboda kutoka Kitete na dumu la asali mapajani, dumu halitulii, na mimi situlii. Mlangoni kwa Bwana Seif nikaiweka simu kwenye mtetemo, nikajiapia: aandike yeyote, siitazami mbele ya shemeji.

Bwana Seif ana duka la vifaa vya ujenzi na uso wa mtu anayehesabu misumari. Nyuma ya pazia la sebule walikuwa Zuhura na shangazi yao, Bi Mwanaidi, aliyekuja na treni kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya shughuli hii. Zuhura alishanionya: neno la mwisho ni la shangazi.

Tukaamkiana, chai ya tangawizi ikaja na visheti.

"Mwalimu," akasema Bwana Seif, "kazi ya chuo naijua. Lakini nasikia unayo nyingine, inakukosesha usingizi. Kazi gani hiyo?"

Nikajua huu ndio mtihani wenyewe. Nikaamua kujibu kwa Kiswahili chepesi, nisionekane najidai.

"Nashughulika na makufuli, kaka."

Uso ukakunjuka. "Makufuli! Basi tuko biashara moja. Mimi nayauza."

"Mimi nayakagua."

Nyuma ya pazia mtu akakohoa.

"Ya nani?"

"Ya kila mtu. Dunia nzima."

"Wanakuletea?"

"Hapana, nayakagua humohumo yalimo. Wenyewe hata hawana habari."

Kikohozi kingine. Simu ikatetemeka kifuani. (Mhakiki! Siitazami.)

"Na malipo?"

"Najitolea tu, kaka. Kazi yenyewe naipenda."

Bwana Seif akatikisa kichwa kwa heshima. "Watu wa kujitolea wamebaki wachache. Mimi wateja wangu wa Ntalikwa wanataka makubwa. Madogo wanasema yanakatika."

"Ukubwa si hoja," nikasema, sasa nimepata moto. "Hoja ni mpangilio. Lipi linashikwa kwanza."

Simu ikatetemeka. Ikatetemeka tena. Mhakiki gani huyu ana maneno mengi hivi? Mguu wangu ulikuwa unacheza wenyewe chini ya kanzu, kikombe kinalia kwenye kisahani.

"Hapo umeniacha," akasema Bwana Seif. "Nipe mfano."

(Hapa, jamani, ndipo ningesema nimeshiba, nishukuru, niondoke.)

"Chukulia mimi na Zuhura. Mimi nimeshika kufuli la Zuhura. Zuhura kashika langu. Kila mmoja anasema, sikuachii mpaka uniachie. Tutakaa hivyo mpaka kiama."

"Lazima mmoja aachie," akasema Bwana Seif kwa uzito wote. "Sasa nani anawaamua?"

"Mkaguzi! Akiona tu wanaelekea huko, anapiga kelele nyumba nzima isikie."

Nyuma ya pazia sinia likaanguka. Kikohozi kikageuka kicheko, kicheko cha mtu mzima anayetafuta pa kushika.

"Seif! Seif, njoo huku, mtaniua!"

Akaenda. Minong'ono. Nikavunja kiapo, nikatoa simu. Mhakiki hakuwa ameandika hata neno. Ujumbe wote ulikuwa wa Zuhura, hapo nyuma ya pazia:

"Usiseme kufuli."

"Sema KITASA."

"Shangazi katoka Dar. Huko kufuli ni CHUPI."

"Tafadhali usinitaje."

"Umenitaja."

Nikayarudia mazungumzo yote kichwani tangu mwanzo. Mwanamume mwenye shahada na mvi zake amekaa sebuleni kwa watu, anatangaza kwamba anakagua chupi za dunia nzima, bure, kwa mapenzi. Na wenyewe hawana habari!

Bwana Seif akarudi. Akakaa kiti cha mbali, macho kwenye dumu la asali.

"Hapa Tabora," akasema polepole, "kufuli ni la mlango."

"Ndiyo, kaka."

"Tangu enzi za misafara."

"Ndiyo, kaka."

"Na mimi nimekwambia wateja wangu wanataka makubwa."

"Tusiyarudie, kaka."

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Wewe mwanamume!"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umri wote huo hukuwahi kulisikia hilo neno?"

"Sijawahi, shangazi."

"Hata kwa marafiki?"

"Marafiki zangu ni walimu."

Akacheka upya mpaka akapaliwa. Kisha akasema, "Seif, mpe mke. Wahuni nawajua wote, na hakuna mhuni asiyelijua kufuli. Huyu ni salama kabisa."

Ndivyo nilivyopata mke: kwa ushahidi wa ujinga.

Nimefika nyumbani, mhakiki naye kajibu. Kazi ameipenda. Anaomba kitu kimoja tu, niongeze mfano rahisi, wa maisha ya kawaida, unaoonyesha jinsi wawili wanavyoshikiliana makufuli. Mfano ninao. Sithubutu.

Harusi mtaalikwa nyote, mcheke mpaka mchoke. Ila atakayeleta zawadi ya kufuli, la aina yoyote ile, ataishia mlangoni.