Turudishieni Nyota ya Pili

Kwa Wakuu wa Chama cha Wapima Nyota,

Ndugu Wakuu,

Poleni na kazi ya kukesha. Mimi ni Osborn Oketcho, fundi wa redio hapa Busia, na mmeniharibia ndoa.

1. Miaka kumi na mmoja iliyopita nilikwenda Iyolwa kumposa Selpher. Mbele ya wakwe nilihutubia juu ya nyota niliyoisoma gazetini: kumbe ni nyota mbili, na kubwa huilisha ndogo daima. Kubwa, nilieleza, ni mimi. Wakwe walipiga makofi, nikapewa firigisi ya kuku, heshima ya mwanamume.

2. Tangu hapo, kila Selpher aliponiomba nichote maji, nilimkumbusha nyota. Kweli, anayeuza dagaa sokoni tangu alfajiri ili tule ni yeye, na redio za kutengeneza zimeadimika. Lakini sayansi ni sayansi.

3. Mwezi uliopita tukiwa mezani kwa wakwe, shemeji Moses, mwalimu kule Molo, alitusomea kwamba mmepima upya. Nyota ile ni moja tu! Inavimba na kunywea yenyewe, ndiyo maana mwanga wake hupanda na kushuka. Firigisi nilikuwa nimeshaishika. Baba mkwe akaniomba niirudishe kwenye sahani.

4. Selpher amebaki kwao. Nimewasha redio tatu kwa pamoja na bado nyumba iko kimya. Namkumbuka mno.

Jumapili nimeitwa na wakwe nijieleze, nikiwa na jogoo mkononi. Kwa hiyo naomba kabla ya siku hiyo mtafute nyota ya pili, hata ndogo, hata mbovu. Mkikosa, azimeni kwa zile zinazokaa tatu tatu. Ikishindikana kabisa, tumeni afisa aje Iyolwa aseme kosa ni lenu.

Wasalimieni wake zenu, watoto, na wote wanaoshika darubini.

Wenu katika anga lililopunguzwa,
Osborn Oketcho

N.B. Selpher amekuja asubuhi hii kuchukua sufuria yake, akaikuta barua mezani. Amecheka mpaka akakaa chini, kisha akasahihisha namba 2: sokoni hufika kabla ya alfajiri. Mficha uchi hazai, Wakuu. Hamkukosea. Nyota inayovimba peke yake naijua, ni mimi, kwa hiyo msiongeze kitu. Yule jogoo wa Jumapili nimemchinja na kumpika mwenyewe, na firigisi nimempa Selpher. Iliungua kidogo, lakini ameimaliza.