Nukta Mbili kwenye Karatasi ya Mama Miwani

Jumatatu, tarehe 3

Siku imeharibika. Mwalimu mpya wa kwaya, huyu tunayemwita Kijiti kwa sababu kile kijiti cha kuongozea kwaya hakimtoki mkononi, ametangaza kwamba kuimba kwa kukariri kumekwisha. Kila mtu asome nota. Kwenye karatasi! Nikamwuliza sauti inatoka kooni au inatoka kwenye karatasi. Akacheka, akaniita Bibi, akaendelea kupunga.

Ubeti wa mwisho, ule wa mtu mmoja, ni wangu. Niliuimba kabla Kijiti hajaota meno. Sasa eti Jumamosi wanaoutaka watapimwa, na atakayefuata nota bila kukosea ndiye atakayeuimba siku ya kufungua ukumbi mpya. Tunaoutaka ni wawili: mimi na Mama Miwani, karani mstaafu, sauti kama bawaba isiyotiwa mafuta. Alinitazama juu ya miwani yake, akatabasamu. Tabasamu lile nimerudi nalo mpaka nyumbani.

Na wakwe wa binti yangu nimeshawaalika! Nimeshawaambia nitasimama mbele, peke yangu. Gauni limeshashonwa. Siwezi kukaa. Nimefagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Jumanne, tarehe 4

Mjukuu wangu anasoma muziki shuleni, anapuliza tarumbeta mpaka kuku wanahama. Nimemwambia anifundishe. Akaniuliza kama nitamsikiliza. Hana adabu, kachukua kwa mama yake.

Mistari mitano. Kwa nini isiwe sita? Hajui. Mwanzoni kuna mkunjo kama sikio la mtu, unaitwa ufunguo. Nota nzima ni yai tupu, linashika mapigo manne. Ukilitia mguu, linabaki na mawili. Ukilipaka weusi, moja. Yaani kadiri unavyolihangaikia ndivyo linavyopungua! Nikasema aliyepanga hivi hajawahi kupika.

Kuna kiuzio kidogo kinachopandisha sauti. Halafu kuna alama ya kimya. Kimya! Watu wazima wameketi wakabuni mchoro wa kumwambia mtu anyamaze. Marehemu mume wangu alijaribu kuninyamazisha maisha yake yote, bila mchoro. Hakufanikiwa.

Mjukuu analalamika kwamba siketi. Eti kila akichora nota moja nainuka kuchungulia chungu. Eti chungu chenyewe ni kitupu. Nikamwambia aangalie karatasi yake, chungu ni changu.

Jumatano, tarehe 5

Nimepata! Nimepata!

Leo kanionyesha alama ya kurudia. Mistari miwili iliyosimama, mwembamba na mnene, na nukta mbili ubavuni. Ukiifikia unarudi mwanzo, unaimba tena mara moja, kisha unapita. Nikamwuliza, na mtu akiziona akapita tu? Akasema huyo hajui kusoma nota. Na akirudi wakati wenzake wanasonga mbele? Akasema huyo atachekwa. Nikamwambia anieleze tena. Akafurahi sana, maskini, akasema sasa bibi yake amekuwa mwanafunzi.

Sasa sikiliza. Kwenye wimbo wetu, kabla tu ya ubeti wangu, kuna mistari miwili imesimama. Yote myembamba. Haina nukta. Imekaa kama inanisubiri. Ninanenepesha mmoja, natia nukta mbili kwenye karatasi ya Mama Miwani, basi. Sote tunanyamaza kumpisha aimbe peke yake, na yeye huyoo, mwanzo wa wimbo! Anasoma, si anasoma? Basi asome.

Mimi nitashika karatasi na kuimba kwa kichwa changu, kama kawaida. Macho yakitazama chini, nani atajua?

Alhamisi, tarehe 6

Imefanyika. Wakati wa mapumziko Mama Miwani alikwenda kunywa maji, akaacha faili lake kitini. Karatasi zake anazivisha plastiki kama za serikali. Nikajifanya nafunga kiatu, nikaichomoa ile ya wimbo wetu. Penseli, mstari, nukta, nukta. Safi! Hata mjukuu wangu angenipa alama zote.

Fundi seremala wa sauti ya besi aliniuliza kiatu gani kile, mbona nimevaa kandambili. Nikamwambia ashughulike na besi.

Ijumaa, tarehe 7

Mvua imenyesha, dari la chumba cha kwaya limevuja, karatasi zote zimelowa zikawa kama uji. Ya Mama Miwani pekee imesalimika, kwa sababu ya ile plastiki. Kijiti kaichukua akaenda kuitoa kopi, kila mtu apate mpya, hata mpiga kinanda.

Sawa. Karatasi ni karatasi. Mimi mawazo yangu yako kesho. Nimepiga gauni pasi mara mbili, nimegombana na pasi.

Jumamosi, tarehe 8

Sitaki kuandika. Naandika.

Alianza Mama Miwani. Kwaya nzima ikaimba, tukafika kwenye ile mistari. Nikabana kicheko. Akarudi mwanzo. Lakini wote wakarudi! Besi wakarudi, kinanda kikarudi! Wakaimba tena vizuri kabisa, wakafika, wakanyamaza, Mama Miwani akaimba ubeti wangu mpaka mwisho. Fundi seremala akauliza kwani zamani tulikuwa tunarudia? Kijiti akamjibu kwamba karatasi imesema.

Karatasi imesema! Penseli yangu ndiyo imesema!

Hapo ningepaswa kufikiri. Lakini nikaitwa, na mimi nikisimama mbele za watu kichwa hubaki kitini. Tukaimba, tukafika kwenye mistari. Nikavuta pumzi, nikaachia ubeti wangu kwa sauti yote niliyopewa na Mungu. Na nyuma yangu kwaya nzima ikaanza wimbo upya! Mimi naagana na watu, wao wanabisha hodi. Kinanda kikakwama. Mtu akacheka, naye ni wa sauti ya pili, namjua.

Kijiti akaja taratibu, akaniwekea kijiti kwenye karatasi. Akasema Bibi, hizi nukta hukuziona?

Nizione! Ningesema nini? Kwamba hazikuwepo? Angeniuliza najuaje. Nikasema ni macho. Mama Miwani akanivulia miwani yake, akanipa. Mbele ya watu wote! Ubeti amepewa yeye.

Wakwe nimewatumia ujumbe kwamba ukumbi umechelewa kukamilika. Binti yangu kapiga simu kuuliza, maana kaupita asubuhi, umekamilika.

Jumapili, tarehe 9

Mjukuu kaunganisha na maswali yangu ya Jumatano, kaniambia niombe msamaha. Nikamwambia kwa kosa gani, la kuandika nukta vizuri? Kosa ni dari.

Alasiri kaja Kijiti. Kumbe kanionea huruma. Anasema mtu wa umri wangu aliyejitahidi vile hapaswi kukaa pembeni, hivyo kanipa cheo: mtunza karatasi za kwaya. Zote ziko hapa mezani kwangu mpaka siku ya ukumbi. Na ya Mama Miwani ipo, ndani ya plastiki yake.

Nimemwita mjukuu nikamwuliza alama nyingine niliyoiona kwenye daftari lake, ya nukta iliyofunikwa na upinde, kama jicho. Kaniambia ukiikuta unashikilia sauti, huiachii mpaka mwalimu ashushe mkono.

Na kama mwalimu naye hana habari nayo? Akakusanya madaftari yake, akatoka.

Jicho moja dogo tu, na Mama Miwani atang'ang'ania sauti mpaka pumzi imwishe, mimi nimalizie ubeti. Safari hii nitalichora kwenye ya Mama Miwani peke yake, na kopi hazitolewi tena. Nimewaambia wakwe waje, ukumbi umekamilika.

Penseli nimeichonga.