Hapana Mara Tatu

Jumatatu, 6 Novemba

Mwaka wa tano. Imebaki mitatu. Programu yetu ni udaktari wa hospitali na uzamivu wa utafiti kwa pamoja, kwa ajili ya watu wasiotosheka na mateso ya aina moja. Nina panya mia mbili na kumi, tasnifu ya kurasa nne, na benchi la maabara mkabala na choo.

Leo nimepata dawa ya hilo benchi. Kesho namwambia Profesa Feingold kwamba naacha utafiti, narudi zangu wodini. Siachi, jamani! Mama ameshatangazia kanisa zima kwamba mwanawe Lowell atakuwa daktari mara mbili. Lakini Profesa hajui kama ni geresha. Atanibembeleza, nitakataa. Atanibembeleza tena, nitakataa tena. Mara ya tatu nitakubali shingo upande, ila anipe benchi la dirishani, lile ambalo Vince Pagano amelikalia utadhani kaachiwa na babu yake. Hapa Minnesota hata kahawa hatupokei mpaka tubembelezwe mara tatu. Ndiyo malezi.

Jumanne, 7 Novemba

Nimemwambia. Nilivaa uso wa matanga kabisa. Profesa akaacha kutafuna.

"Sawa, Lowell," akasema. "Naona umelifikiria."

Sawa? Nikasubiri. Nisubiri kubembelezwa. Nikakohoa kumkumbusha. Akanipa fomu ya kuondoka mapema na kuniomba nisisahau kurudisha ufunguo wa friji. Jamani, nilisahau huyu mama ni mzaliwa wa Brooklyn! Huko mtu akisema naondoka, wanamfungulia mlango.

Fomu nimeijaza. Ningefanyaje? Kumwambia nilikuwa namjaribu ni kumkosea heshima.

Jumatano, 8 Novemba

Wameniletea keki ya kuniaga. Imeandikwa "Kwaheri Lovell", kwa V. Miaka mitano.

Vince alijikatia kipande chenye ua la sukari bila kukaribishwa na mtu. Huyo anatoka New Jersey, hana habari na kubembelezwa. Akaniuliza mdomo umejaa, kumbe kuondoka ni rahisi hivyo, kaka? Nikamjibu kwa maringo kwamba ni ukurasa mmoja tu na sahihi. Akaguna, akajikatia cha pili. Mimi nilikaribishwa, nikasema hapana, asante. Wakaniamini. Keki ikaisha.

Alhamisi, 9 Novemba

Nimempigia Mama. Nikamweleza yote. Halafu akasema, haya, hiyo nayo ni tofauti. Kwa mama yangu hilo ni tusi la kuvunja undugu. Kisha sauti ikashuka.

"Lakini bado utatibu watu, siyo, mwanangu?"

Nikamwambia bila shaka. Baada ya kukata simu ndipo nikaisoma fomu vizuri. Ili nirudi wodini, lazima mkuu wa programu, Daktari Haugland, anipe nafasi ya Januari. Imebaki moja. Nikiikosa, sina uzamivu, sina udaktari, nina ufunguo wa friji. Nimeogopa kweli. Nimekula makaroni ya jana kwenye sufuria, nimesimama.

Ijumaa, 10 Novemba

Daktari Haugland ni mtu wa Duluth, hapa hapa Minnesota. Wa kwetu! Nikaingia ofisini kwake roho imetulia. Akasema nafasi ni yangu nikiitaka. Nikasema hapana, nisingependa kumsumbua, pengine yuko mwenye shida zaidi. Akatabasamu, tunaelewana. Akasema haisumbui hata kidogo, niichukue tu. Nikasema hapana, kweli kabisa. Akavuta pumzi ya kunibembeleza mara ya tatu, naapa nimeiona ikipanda, na mlango ukafunguka.

Vince. Fomu mkononi, imejazwa, sababu zote kaninakili mimi. Panya wamemchosha, na amesikia kuna nafasi ya Januari.

"Naitaka," akasema.

Mara moja! Hata kuinamisha kichwa hakuinamisha. Daktari Haugland akanigeukia na kuniuliza polepole kama sina neno. Nilikuwa nalo. Nikatazama zulia, nikasema basi apewe yeye tu, maana anaonekana ana haraka. Akaandikwa pale pale. Akanishukuru, akanipiga begani. Nikamwambia hakuna shida.

Mama sijampigia.

Jumamosi, 11 Novemba

Saa nne asubuhi simu imelia. Profesa Feingold! Vince kaondoka, mimi nimeondoka, panya wetu sote wawili, mia nne, wanamtazama. Fomu yangu bado hajaitia sahihi.

"Rudi, Lowell," akasema. "Nakuhitaji. Na benchi la dirishani ni lako."

Machozi yamenitoka, sioni haya kuandika. Mama atakuwa na daktari wake mara mbili, kanisa zima litajua, Vince atajua. Nimepangusa macho, nimekaa vizuri kitandani, nimemjibu.

"Hapana, Profesa, asante. Nisingependa kukusumbua."

Akasema sawa, ananielewa. Akakata.

Ya kwanza hiyo. Zimebaki mbili. Simu nimeichaji mpaka mwisho na kuiweka mezani karibu na mkono. Nimeshachagua hata kikombe nitakachoweka dirishani. Sasa hivi ni saa kumi na moja jioni, na theluji inaanguka.

Lazima atakuwa anatafuta namba yangu.