Kahawa ya Saa Tatu

Jumatatu, 2 Februari

Imetangazwa rasmi. Kiwanda chetu cha mikate mikavu, Tallmo, na mahasimu wetu wa Brännvik sasa ni kampuni moja. Mkurugenzi mpya, Pernilla, katusomea karatasi huku akitabasamu. Malori yote yatapakiwa hapa kwetu. Wapakiaji wao wanahamia hapa keshokutwa. Na mkuu wa upakiaji atabaki mmoja tu! Ni mimi, Sixten Rydell, miaka ishirini na saba kwenye lango hili, au ni huyo Gunvor Åslund wao. Atakayekosa anapelekwa Brännvik kulinda stoo ya maboksi matupu. Kilomita sabini kwenda, sabini kurudi, kwenye theluji. Pernilla kasema hataki kukurupuka: Jumatano ataongoza Gunvor, Alhamisi mimi, Ijumaa kila mtu atoe maoni.

Jumanne, 3 Februari

Gunvor kaja kukagua lango. Mama mrefu, mpole, kaniomba ushauri. Watu wa kuomba ushauri ndio wa kuogopwa.

Nimepata njia! Lori la kesho linatarajiwa saa nne. Nimeipigia simu kampuni ya malori, nikasema lije saa tatu kamili, na iwe hivyo kuanzia sasa. Dereva husubiri nusu saa tu, kisha huyoo, anaondoka. Na saa tatu hapa ni kahawa. Hata jengo liwake moto, hakuna anayeinuka. Gunvor atabaki peke yake langoni na lori tupu. Majken, mke wangu, kaniuliza mbona nacheka mwenyewe mezani. Nikamwambia ni mambo ya kikazi.

Jumatano, 4 Februari

Balaa!

Saa tatu lori likaingia. Sisi wa Tallmo tumekaa, vikombe mkononi, nimeshauma andazi langu la mdalasini. Nachungulia dirishani, watu wa Brännvik wanapakia! Nikamuuliza Ulla-Britt, mpakiaji wangu wa siku nyingi, hawa wenzetu hawana dini? Kanijibu, "Bwana wee, wenyewe wanakunywa saa tatu na nusu. Kwani hukujua?" Sikujua! Nani duniani anakunywa kahawa saa tatu na nusu? Lori likaondoka saa tatu na dakika ishirini na tano, limejaa pomoni. Pernilla kaandika kwenye daftari lake kwamba zamu mbili za kahawa zinafanya lango lisilale hata dakika moja. Ushindi nimempa Gunvor kwa mkono wangu mwenyewe.

Lakini kesho ni yangu. Pernilla anapenda umoja. Jumatatu neno hilo kalitaja mara tisa, nilihesabu. Basi kesho pande zote mbili zitakunywa pamoja saa tatu, meza moja, na mimi naleta keki ya krimu ya watu ishirini. Tuone atabishana vipi na krimu.

Alhamisi, 5 Februari



Saa tatu kamili wote walikuwa mezani, wa Tallmo na wa Brännvik, bega kwa bega. Pernilla kalengwalengwa na machozi. Nikajiona nimeshashinda. Mara honi nje. Lori! Nilisahau kabisa kulirudisha saa nne. Nikawaambia haya, jamani, twendeni. Hakuna aliyeinuka. Ulla-Britt kanikumbusha mbele ya wote kwamba ni mimi niliyewafundisha kahawa haikatizwi, na keki bado ipo.

Ilikuwepo kweli, kipande kimoja. Na kipande cha mwisho, kwetu, hakuna mwenye haya anayekimaliza. Mmoja akakata nusu, akaacha nusu. Mwingine akakata nusu ya ile nusu. Saa tatu na robo. Kikabaki cha ukubwa wa kidole gumba, bado wanakata! Jasho linanitoka. Ningeweza kukitupia mdomoni tu, mambo yakaisha, watu wakainuka. Nikanyoosha mkono. Pernilla akanitazama.

Nikakata nusu.

Saa tatu na nusu lori likaondoka, tupu.

Ijumaa, 6 Februari

Siku ya maoni. Tumekaa duara, na kila mtu kasema haoni ubaya Gunvor akipewa. Ulla-Britt pia, huku akitazama viatu vyake. Miaka ishirini na saba! Iliniuma, siwezi kusema uongo. Nilitamani hata mmoja akohoe.

Kisha Gunvor kasimama. Kasema kampuni ya malori imemwambia ni nani aliyempangia lori mapema siku yake, na kwamba hajawahi kupata mfanyakazi mwenzake mwenye roho nzuri namna hiyo. Anaomba nisipelekwe stoo. Anataka nibaki hapa hapa langoni, niwe msaidizi wake. Watu wakapiga makofi, Ulla-Britt kuliko wote. Pernilla kakubali palepale. Nikasema nitafikiri mpaka Jumatatu.

Majken kasema, "Kubali, mume wangu, huyo mama kakuokoa." Majken hajui mambo ya kazini. Mtu hawi mwema hivyo bure. Ni mtego.

Jumatatu, 9 Februari

Nimekataa. Nimeuruka mtego! Nilimpigia Gunvor mapema, akaonekana kusikitika kwelikweli. Anaigiza vizuri. Siku tatu hizi atalemewa, atanipigia mwenyewe akinibembeleza.

Niliamka saa kumi na moja alfajiri, mwendo wa saa moja na nusu mpaka Brännvik, theluji mpaka magotini. Stoo imejaa maboksi hadi darini na ina hita moja tu. Hita iko chini ya meza ya Valter, mzee mkimya, ambaye kanikaribisha vizuri na kunimegea sandwichi yake ya jibini. Sijaiamini hiyo sandwichi. Tuko wawili tu humu ndani, na mkuu wa stoo ni Valter.

Kwa sasa.